UZI: Mbwa wa waungwana wa Azawagh, na yule wetu tuliyemwita mshenzi

Daktari wa Mbuzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na nitaushusha vipande vipande kwa sababu naandikia simu. Mwenye swali aulize, nitajibu.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nilikaa Niger miaka miwili kwenye mradi wa chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Kituo changu kilikuwa Abalak, mkoa wa Tahoua, ndani ya lile bonde kubwa kavu linaloitwa Azawagh. Bonde hilo linaanzia kaskazini mwa Niger, linagusa kusini mwa Algeria na linaingia mashariki mwa Mali upande wa Ménaka. Zamani za kale palipita mto. Leo ni mchanga, nyasi za msimu na miti ya migunga iliyosimama mbalimbali.

Wiki yangu ya kwanza nilifanya kosa. Gari lilisimama mbele ya maskani ya Watuareg, mimi nikashuka na boksi la chanjo, nikaenda moja kwa moja kwenye hema bila kusubiri mwenyeji atoke. Juu ya kibanda kifupi cha nyasi kilichokuwa kando niliona kitu kama ngozi zimeanikwa. Zile ngozi zikainuka. Walikuwa mbwa wanne. Waliruka chini kwa pamoja na kabla sijapiga hatua ya tatu nilikuwa nimezungukwa, wawili mbele, wawili nyuma. Hawakuning'ata. Walisimama tu wakinitazama usoni, na nilipojaribu kurudi nyuma wakasogea. Mzee wa maskani alitoka, akatamka neno moja, wakarudi kulala juu ya paa.

Nilikulia Korogwe, mbwa nimewaona tangu nazaliwa. Wale hawakufanana na mbwa yeyote niliyewahi kumshika.

Daktari wa Mbuzi

Nawaeleza umbo lake kwanza, maana ndilo lililonifanya nimfuatilie.

Dume husimama sentimita 64 hadi 74 begani, jike 60 hadi 70. Sasa pima uzito: dume kilo 20 hadi 25, jike 15 hadi 20. Mbwa mrefu kama meza ana uzito wa mbuzi wa wastani. Miguu ni mirefu kuliko kiwiliwili, kiasi kwamba ukimtazama ubavuni unaona mstatili uliosimamishwa wima. Kifua kimeshuka, tumbo limeingia ndani kabisa, na mifupa ya nyonga imepanda juu kuliko mabega. Ngozi ni nyembamba mno, manyoya mafupi, na chini yake unaona mishipa, mbavu na kila msuli unavyofanya kazi. Mgeni husema mbwa ana njaa. Mimi mwenyewe nilimwambia mzee hivyo, kwa lugha ya kitaalamu, na akanijibu kwamba mbwa mnene hafiki kwa swala.

Ana sababu. Mafuta chini ya ngozi ni blanketi, na kule joto linapita nyuzi 40 kwa miezi kadhaa. Mwili mwembamba wenye miguu mirefu hupoza damu haraka. Mapafu na moyo vina nafasi ya kutosha kwenye kile kifua. Akikimbia, mgongo unajikunja na kujinyoosha kama upinde, na katika kila mzunguko mmoja wa mbio miguu yote minne inaachana na ardhi mara mbili: mara moja mwili ukiwa umekunjamana, mara moja ukiwa umenyooka. Anakaribia kilomita 60 kwa saa. Greyhound wa Uingereza humshinda kwenye uwanja wa mashindano, ila wa Azawagh hudumu muda mrefu zaidi juani na kwenye mchanga.

Anawinda kwa macho. Mbwa wengi tunaowajua hufuata harufu kwa pua. Jangwani harufu haikai, jua na upepo huipeperusha. Lakini jicho linaona mbali, hakuna kichaka cha kulizuia.

Wenyewe humwita idi, ambalo kwa Kitamasheki ni mbwa tu, na wakitaka kumtofautisha na mbwa wa kawaida husema *idi n'illeli*. Hili jina shikeni, nitalirudia. Ulimwenguni anajulikana kwa jina la bonde lake: Azawakh.

Bint Kilwa

Asante mkuu, endelea. Nina swali la kweli kabisa. Watuareg si Waislamu? Kwetu mbwa akigusa chombo ni kukiosha mara saba, na ya kwanza kwa udongo. Wao wanalalaje naye mlango mmoja na kumpa maziwa kwenye bakuli?

Ustadh wa Pangani

Dada Bint Kilwa, naomba nijibu mimi.

Sisi wa pwani tumefuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwake mate ya mbwa, hata mwili wake ukiwa umelowa, ni najisi. Afrika Magharibi, kuanzia Morocco hadi Niger, wamefuata Imamu Malik. Kwa Malik kila kiumbe kilicho hai asili yake ni tahiri, mbwa akiwemo. Kuosha chombo mara saba wanakukubali kwa kuwa hadithi ipo, lakini wanakuhesabu kuwa ni ibada ya kutii amri, si kwa sababu mbwa ni najisi. Kwa hiyo Mtuareg anayempapasa mbwa wake hajavunja dini yake.

Na mbwa wa kuwinda ana hukumu yake ndani ya Kurani, Suratul Maida aya ya nne. Imehalalishwa kula walichokamata wanyama wawindaji mliowafundisha, na mtaje jina la Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana kwenye hadithi ya Adiyy bin Hatim ameelezwa kwamba ukimtuma mbwa aliyefunzwa na ukasema Bismillahi, kula. Mbwa akila sehemu ya mawindo, usile, maana amejikamatia mwenyewe. Hapo wanazuoni walitofautiana, Wamaliki ni wepesi kuliko sisi.

Aliyefunzwa na asiyefunzwa hawako sawa, hata kwa mbwa. Babu yangu alikuwa akilisema hilo kila alipotusomesha aya hiyo, nasi hatukuwa na mbwa hata mmoja.

Daktari wa Mbuzi

Ustadhi, Mungu akuzidishie. Hilo la Wamaliki nililiona kwa macho bila kujua sababu yake, leo ndiyo nimeelewa.

Na linaungana na namna wanavyowinda. Wazee walinisimulia hivi. Msasi hupanda ngamia au farasi na mbwa hupakiwa juu ya tandiko, mbele yake, asichoke kabla ya kazi. Wakimwona swala au sungura kwa mbali, wanasogea kadiri wanavyoweza. Kisha mbwa anaachiwa, na Bismillahi inasemwa pale pale. Mbwa haui mara moja. Kwa swala hukimbilia miguu ya nyuma, hukata ukano, akamwangusha na kumshikilia hadi msasi afike na kisu. Kuna dini hapo, na kuna akili ya jangwani pia: kwenye joto lile nyama ya mnyama aliyekufa saa moja iliyopita imeshaanza kuharibika. Aliye hai anakungoja.

Mbwa wanaokuja kuwinda ndio hao hao wanaolinda usiku. Fisi na mbweha ni adui wa mbuzi, na mbwa hulala juu ya mapaa ya nyasi kwa sababu kule juu kuna upepo na wanaona pande zote. Wa kwanza akiruka, wote wanamfuata.

Chakula chao ni uji wa uwele na maziwa, na mabaki ya nyama ikiwepo. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka mara nyingi, si mara mbili kama mbwa wengi. Watoto wakizaliwa hupunguzwa, hubaki mmoja au wawili, kwa kuwa maziwa ya mama na ya maskani hayatoshi kwa wote. Jambo hilo lilinisumbua kama daktari na bado linanisumbua. Lakini waliobaki hulelewa ndani ya hema na watoto wa binadamu, na jike niliyemtibu jicho alizikwa alipokufa.

Kuna jioni moja mzee alimshika yule jike masikio akanitajia mama yake, na mama wa mama yake, na maskani alikotoka kila mmoja, vizazi vitano. Hakuna karatasi. Mimi nilikuwa na daftari la chanjo la mifugo 3,000 na sikuwa na taarifa kama hiyo kwa mnyama hata mmoja.

Said wa Matrah

Salamu kutoka Muscat, ndugu zangu. Mimi ni Mzanzibari wa hapa Omani. Huku Ghuba tunaye binamu yake, saluki. Wapo wa manyoya mafupi na wenye mapindo ya manyoya masikioni na mkiani. Mabedui wa zamani hawakupenda kumwita *kalb*, yaani mbwa. Walimwita saluki tu, kana kwamba ni mnyama wa namna nyingine, na wengine husema *hurr*, huru. Washairi wa Kiarabu wa zama za Bani Abbas walikuwa na tungo maalumu za usasi, tardiyyat, zinazomsifu mbwa kuanzia puani hadi mkiani.

Sasa hivi nchi jirani ya Falme za Kiarabu wana mashindano ya mbio za saluki, na Abu Dhabi wana kituo cha kuwafuga na kuwafunza. Morocco na Tunisia wapo sloughi. Watu wengi huwachanganya hawa watatu. Ukiwaona pamoja hutawachanganya: saluki ni mpole wa macho, wa Azawagh amesimama kama mkuki.

Kijana wa Mbezi

Mkuu nimependa sana huyu mnyama. Nikitaka mmoja hapa Dar inakuwaje? Nina uwanja wa kutosha na ukuta.

Daktari wa Mbuzi

Kijana, nakujibu kwa moyo mmoja: usimlete. Dar ni unyevu, kupe na mvua, yeye ni wa ukavu. Baridi ya Julai yenyewe inamtetemesha, hana mafuta. Ukuta si kitu kwake kama kuna paka upande wa pili. Na la mwisho ndilo kubwa, huyu humchagua mtu wake na kumkataa mgeni. Ukimfungia nyuma ya nyumba akaletewa chakula na mlinzi, utamharibu akili. Kama unataka mbwa wa kukimbia naye, subiri hadi mwisho wa uzi, nina neno kwa ajili yako.

Daktari wa Mbuzi

Sasa alifikaje Ulaya. Miaka ya 1970 mwanzoni kulikuwa na mwanadiplomasia wa Yugoslavia jijini Ouagadougou, Burkina Faso ya leo, Dr. Pecar. Alipenda kuwinda na aliwataka mbwa hawa, lakini hawakuwa wanauzwa. Inasimuliwa kwamba dume alipewa zawadi, na jike alipewa kama malipo baada ya Pecar kumuua tembo dume aliyekuwa akiisumbua maskani moja. Wengine walipelekwa Ufaransa. Mbegu ya kwanza ya Ulaya ilikuwa mbwa wachache mno.

Mwaka 1981 shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lilimwandika kama namna ya sloughi. Mwaka 1986 likamwondolea jina hilo akabaki Azawakh peke yake. Namba yake ni 307, na nchi mlezi wake kwenye kitabu ni Ufaransa. Soma tena: Ufaransa. Mali imetajwa tu kama nchi ya asili, na Niger haipo kabisa. Kitabu hicho kinamtaka awe wa rangi ya mchanga hadi hudhurungi, milia ikiruhusiwa, na alama nyeupe kwenye miguu yote minne. Kule Azawagh nimewaona weusi, wa kijivu, wa madoa makubwa meupe, wote wa ukoo mmoja na tumbo moja. Mzee hakuwahi kuniambia rangi ya mbwa ni kosa. Aliniambia kuhusu mbio, macho na ukali.

Wamarekani walimkubali rasmi kwenye klabu yao kuu ya mbwa, AKC, tarehe 1 Januari 2019, na wao wanaruhusu rangi zote. Hapo nawapongeza. Na wapo watu wa chama cha ABIS ambao wamekuwa wakienda Sahel na kuleta damu mpya ili mbwa wa Ulaya wasizaane ndugu kwa ndugu. Kazi nzuri, ingawa inauma kwamba kitabu cha nasaba kiko mbali hivyo na wenye nasaba.

Mwanaituri

Ndugu, mimi niko mtu wa Ituri, upande wa Mambasa, Kongo. Nasoma hii tangu asubuhi. Kwetu Wambuti wanawinda kwa nyavu, na mbwa wanaingia porini kusukuma nyama kwenye wavu. Mbwa huyo habweki kama wengine, anatoa sauti kama anaimba. Kwa hiyo anafungwa kengele ya mti shingoni, mtu ajue yuko wapi. Mkia umejikunja juu ya mgongo, masikio wima, na jike anazaa mara moja kwa mwaka kama unavyosema wa Niger.

Waingereza walimchukua miaka ya 1930. Leo ulimwengu wote unamjua kwa jina la basenji. Mimi nililijua jina hilo nikiwa mtu mzima, na nilipojua maana nilikaa kimya.

Daktari wa Mbuzi

Mwanaituri, umenifikisha pale nilipokuwa nakwenda, na kwa kweli ndiyo sababu nilifungua uzi.

*Illeli* ni mtu huru wa kuzaliwa, mtu wa heshima. Kiswahili tuna neno lake kamili, halipungui wala halizidi: muungwana. *Idi n'illeli* ni mbwa wa waungwana. Na basenji ni nini? Ni *basenzi* wa Kilingala, ndugu wa neno letu *washenzi*. Mbwa wa washenzi. Wawili hawa ni mbwa wa Afrika, wote wasasi, wote wa kale, wote wanapata joto mara moja kwa mwaka. Mmoja alipewa jina na waliomfuga. Mwingine alipewa jina la tusi walilotukanwa waliomfuga.

Na neno hilo halikutoka mbali. Ni sisi wa pwani tulioliita bara nzima hivyo. Mpaka leo mbwa wa kijijini tunamwita koko au wa kishenzi, na kwa kuwa jina lake ni hilo, hakuna anayemuuliza mama yake ni nani. Nimepiga chanjo ya kichaa cha mbwa wilaya tatu. Kwenye fomu kuna sehemu ya aina ya mbwa, na kila mstari nimeandika neno moja: kienyeji.

Bint Kilwa

Daktari, nakubaliana nawe, ila usiwapambe Watuareg kupita kiasi. Palipo na waungwana pana watumwa. Hao *iklan* wao, wale Wabella, ndio waliokuwa wakichota maji na kuchunga mbuzi, na bila shaka kuwalisha hao mbwa. Neno la heshima kwa mbwa lilikaa kambi moja na mtu asiye na heshima hiyo. Pwani yetu nayo ilikuwa hivyo hivyo, muungwana na mshenzi walikuwa pande mbili za biashara moja.

Daktari wa Mbuzi

Dada, umesema kweli na sina la kupunguza. Niger iliuweka utumwa kwenye sheria ya jinai mwaka 2003 tu. Niliyekuwa nikimtegemea zaidi kwa habari za mbwa, aliyejua kila mmoja anaumwa wapi, alikuwa Mbella. Siku hizi Wabella, Wafulani na Wahausa wanawafuga wenyewe, na wanawafuga vizuri. Nilitakiwa kulisema hili mapema.

Nimalizie la mawindo, maana kuna aliyeniuliza faragha kama mbwa hawa ndio waliomaliza swala. Hapana. Mbwa watatu na ngamia mmoja waliishi na swala karne kwa karne. Waliomaliza ni gari na bunduki, na ukame wa 1968 hadi 1974 na ule wa 1984 uliowafukuza watu na wanyama kutoka malishoni. Adaksi, mnyama wa jangwani wa jamii ya choroa, waliosalia wa asili porini hawafiki 100. Swala dama hawafiki 300. Choroa wa Sahara alitangazwa mwaka 2000 kuwa ametoweka porini, akarudishwa Chad mwaka 2016 kwa wanyama waliozaliwa kwenye hifadhi za ng'ambo. Niger ilitenga hifadhi kubwa ya Termit na Tin-Toumma mwaka 2012. Vijana wengi wa Abalak hawajawahi kumwona mbwa wao akimkimbiza swala, kazi imebaki kulinda mbuzi na kukamata sungura. Na tangu vita vya 2012 kule Mali, maskani nyingi zimehama au zimevunjika, na familia inayokimbia usiku haibebi mbwa.

Sisi Kenya ilifunga uwindaji 1977, na Tanzania bila leseni ni kosa. Simwambii mtu avunje sheria. Ninachoomba ni kidogo. Kijana wa Mbezi, wewe na wengine wote: mbwa uliyenaye, au wa babu yako kijijini, andika hapa jina lake, mama yake, alitoka kwa nani, kimo begani kwa sentimita, na kazi anayoifanya. Hayo matano tu.

Msasi wa Kondoa

Daktari, mimi ni wa Kondoa vijijini. Wazee husema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Baba alikuwa msasi kabla ya sheria, mimi ni mkulima. Nimetoka kupima sasa hivi kwa futi ya fundi, mke wangu kamshika kichwa.

Jina: Chui. Jike, rangi ya udongo, miguu ya mbele myeupe.
Mama: Tabu, wa kwetu. Mama wa Tabu: hakuwa na jina, alitoka kwa mjomba Kolo, alikuja akiwa mdogo ndani ya kikapu cha mtama.
Baba: mbwa wa jirani, mrefu, amekufa.
Kimo: sentimita 52.
Kazi: nyani na ngiri kwenye mahindi. Usiku, fisi. Mwaka huu hatujapoteza mbuzi.

Ana mimba. Wakizaliwa nitaandika tena hapa.